Kamera ya setilaiti isiyopoteza fokasi joto linapobadilika: mwongozo wa kusanifu hatua kwa hatua

Setilaiti iliyo kwenye obiti ya chini huizunguka Dunia kwa dakika 90 hadi 100. Katika kila mzunguko hupigwa na jua kwa wati zipatazo 1,361 kwa kila mita mraba, kisha huingia kwenye kivuli cha Dunia kwa nusu saa hivi, halafu hutoka tena juani. Hiyo ni mara 15 kwa siku, kila siku, kwa miaka. Na huko juu hakuna hewa ya kusawazisha joto, kwa hiyo upande mmoja wa kamera unaweza kuwa wa moto na mwingine wa baridi bila chochote cha kuwapatanisha isipokuwa chuma kilicho katikati yao.

Kamera iliyopiga picha safi mezani inaweza kutoa picha zenye ukungu obitini bila hata skrubu moja kulegea. Tatizo hili linazuilika, lakini linazuiliwa kwenye karatasi, kabla kifaa chochote hakijaagizwa. Nitatumia kamera moja ya mfano kuanzia mwanzo hadi mwisho ili tarakimu zisielee hewani: darubini ya vioo viwili ya aina ya Cassegrain, tundu la milimita 200, urefu wa fokasi milimita 2,000, yaani F/10. Ni ukubwa ambao timu ndogo inaweza kuujenga, na ikiwa na pikseli za mikromita 5.5 kwenye kimo cha kilomita 500, pikseli moja hufunika takriban mita 1.4 ardhini.

Hatua ya 1: Jua una mikromita ngapi za kupoteza

Kabla ya kuuliza utumie alumini au nyuzi za kaboni, uliza sensa, yaani kipande kinachopokea picha, inaweza kuwa mbali kiasi gani na fokasi kabla picha haijaharibika. Kanuni inayotumika ni rahisi: kina cha fokasi ni jumlisha au toa 2 × λ × N², ambapo λ ni urefu wa wimbi la mwanga na N ni namba ya F, yaani urefu wa fokasi ukigawanywa kwa tundu. Kwa mwanga wa kijani wa mikromita 0.55 na F/10, unapata ±110 mikromita. Kwa F/4 ungepata chini ya ±18 tu. Namba ya F inaingia ikiwa imezidishwa kwa yenyewe, ndiyo maana kamera yenye F ndogo huadhibu vikali kila kosa la joto.

Usizitumie zote 110 kwa joto. Kutoka kwenye fungu hilohilo utalipia makosa ya kupanga vioo, mtikisiko wa kurushwa, kutoka hewani kuingia ombweni, unyevu unaotoka kwenye gundi na nyuzi za kaboni, na kuzeeka kwa vifaa. Mimi huanza kwa kulipa joto theluthi moja. Kwa kamera yetu hiyo ni kama mikromita 35, na hiyo ndiyo tarakimu ya kuandika juu ya ukurasa wa kwanza wa usanifu. Kila uamuzi unaofuata utapimwa kwayo.

Hatua ya 2: Eleza joto kwa maswali matatu

Timu nyingi huandika "kamera itafanya kazi kati ya nyuzi −10 na +40" na kuendelea. Sentensi hiyo haitoshi kusanifu chochote. Unahitaji kujua mambo matatu, kila moja peke yake.

La kwanza ni joto la wastani la kamera nzima, na liko mbali kiasi gani na joto la chumba ulichoipangia vioo. La pili ni tofauti ya joto kati ya sehemu na sehemu: mbele na nyuma, kushoto na kulia, uso wa kioo na mgongo wake. La tatu ni kasi: je, joto linabadilika polepole kwa majira, au linapanda na kushuka ndani ya kila mzunguko, labda hata katikati ya kupiga picha?

Jambo la pili ndilo linaloua kamera nyingi, na ndilo linalopuuzwa zaidi. Kamera iliyojengwa yote kwa alumini, vioo na mwili pamoja, inaweza kupoa kwa nyuzi 20 kwa usawa na isipoteze fokasi hata kidogo, kwa sababu kila kipimo chake kinapungua kwa uwiano uleule: inabaki kamera ileile, ndogo kidogo. Kamera hiyohiyo ikipata tofauti ya nyuzi 1 kati ya ubavu na ubavu, inapinda. Kwa hiyo unaposoma matokeo ya mtaalamu wa joto, usikimbilie wastani. Tafuta tofauti.

Andika pia joto la kunusurika, yaani lile ambalo kamera italipata ikiwa imezimwa. Haitapiga picha hapo, lakini gundi na glasi vitaumia hapo.

Hatua ya 3: Tafuta kipimo kimoja kinachokuza kila kosa

Katika kila mfumo wa macho kuna umbali mmoja ambao ukiguswa kidogo, fokasi inaruka. Kwenye Cassegrain ni umbali kati ya kioo kikuu na kioo kidogo. Tuukokotoe, kwa sababu hapa ndipo hatima ya kamera inapoamuliwa.

Kioo kikuu cha kamera yetu kina fokasi ya milimita 400. Kioo kidogo kinaikuza hadi 2,000, yaani mara 5. Vimeachana kwa milimita 300. Kioo kidogo kikisogea kidogo kwenye mhimili, fokasi husogea kwa kiasi hicho kikizidishwa kwa ukuzaji kipeo cha pili ukiongeza moja: 25 + 1, mara 26.

Sasa chukua vioo visivyotanuka na uvitenganishe kwa bomba la alumini. Alumini hutanuka sehemu 23.6 kwa milioni kwa kila nyuzi moja. Milimita 300 zinaongezeka mikromita 7.1. Zidisha kwa 26: fokasi imehama mikromita 184. Kwa nyuzi moja tu ya joto umekula theluthi yako, umekula fungu lote la 110, na bado unadaiwa.

Titani, yenye utanuko wa 8.6, inakupa mikromita 67 kwa nyuzi, kwa hiyo theluthi yako inatosha nusu nyuzi. Invar, mchanganyiko wa chuma na nikeli wenye utanuko wa karibu 1.2, inakupa 9.4, na sasa unaweza kustahimili nyuzi 3 na nusu hivi kila upande. Nyuzi za kaboni zilizopangwa vizuri, tuseme 0.5, zinakupa 3.9, na unafika nyuzi 9. Tarakimu hizi nne zinakwambia zaidi kuliko kurasa za maelezo ya wauzaji.

Usiishie kwenye fokasi. Kioo kidogo kikishikwa kwa nguzo tatu za alumini, na jua likapasha moja kwa nyuzi 1 zaidi ya nyingine mbili, kioo kinainama. Nguzo zikiwa kwenye duara la kipenyo cha milimita 220, mwinamo ni takriban mikroradiani 43, na picha kwenye sensa inahama takriban mikromita 43, pikseli karibu 8. Ardhini hiyo ni zaidi ya mita 10. Picha inaweza kuonekana kali kabisa na bado ikawa imeelekea pasipotakiwa, na anayechora ramani ndiye atakayegundua.

Hatua ya 4: Chagua falsafa ya vifaa, kisha uifuate mpaka mwisho

Njia ni mbili. Ya kwanza: jenga kila kitu kwa kifaa kimoja, ili kamera itanuke na kusinyaa kwa uwiano. Ya pili: tumia vifaa ambavyo havitanuki karibu kabisa. Kinachovunja kamera ni kuchanganya bila mpango: vioo vya njia ya pili kwenye mwili wa njia ya kwanza, kama mfano wetu wa alumini hapo juu.

Njia ya kwanza ina mifano mikubwa. Darubini ya Herschel, iliyorushwa mwaka 2009, ilikuwa na kioo cha mita 3.5 cha kabidi ya silikoni, aina ya kauri. Kamera ya Sentinel-2, ambayo setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, ina vioo vitatu vya kabidi ya silikoni juu ya kitako cha kifaa hichohicho. Kwa bajeti ndogo, alumini tupu kwa vioo na mwili ni chaguo la heshima, hasa kwa kamera za mawimbi marefu ya infraredi ambako uso wa kioo hauhitaji ulaini uleule. Ila hakikisha hata kishikio cha sensa ni cha kifaa kilekile. Nimeona michoro ambamo kila kitu ni alumini isipokuwa bamba la sensa lililowekwa baadaye na mtu wa umeme, na hapo uwiano wote unapotea.

Njia ya pili ndiyo ya darubini ya anga ya Hubble: kioo cha mita 2.4 cha glasi ya ULE, ambayo utanuko wake unakaribia sifuri, kikishikwa na fremu ya nyuzi za kaboni. Zerodur, glasi-kauri isiyotanuka karibu kabisa, ni ya ukoo huo. Invar nayo imo: ni mchanganyiko wa chuma na nikeli uliogunduliwa na Charles Édouard Guillaume mwaka 1896, kazi iliyochangia kumpa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1920. Ni nzito, gramu 8 hivi kwa sentimita ya ujazo, na hutaka kupashwa joto na kupozwa kwa utaratibu ili itulie, maana bila hivyo huendelea kubadilika urefu polepole kwa muda mrefu. Kwa kamera ndogo, nguzo chache za Invar bado ni njia iliyo rahisi kutabirika kuliko zote.

Kuna kipimo kimoja ambacho ningependa kila msanifu akikariri: utanuko ukigawanywa kwa upitishaji joto. Kifaa kinachotanuka sana lakini kinasambaza joto haraka hakipati tofauti kubwa ndani yake. Fikiria kioo kikuu chetu kikiwa cha alumini cha unene wa milimita 30. Uso wake ukiwa na joto la nyuzi 0.1 tu zaidi ya mgongo, ukingo unahama mikromita 0.39 kulingana na katikati, na wimbi la mwanga linalorudi linapotoka mara mbili ya hapo, zaidi ya urefu mzima wa wimbi la kijani. Zerodur yenye utanuko wa 0.05 kwa tofauti hiyohiyo ingehama chini ya nanomita 1. Lakini linganisho hilo si la haki. Alumini hupitisha joto mara 110 hivi zaidi ya Zerodur, kwa hiyo kwa mtiririko uleule wa joto, Zerodur ingekuwa na tofauti ya nyuzi 11 na kuhama mikromita 0.1. Bado imeshinda, ila kwa mara nne, wala si kwa mamia. Kabidi ya silikoni, inayotanuka zaidi ya Zerodur, hufikia kiwango chake au kuipita kwa sababu inapitisha joto kama alumini. Glasi ya kawaida ya lenzi ikigeuzwa kuwa kioo, iko nyuma ya alumini mara 45. Usiitumie kwa kioo kikuu, hata kama ni rahisi kupatikana.

Tahadhari kuhusu nyuzi za kaboni. Resini yake, yaani gundi inayoshikanisha nyuzi, hunyonya unyevu hewani duniani, kisha huutoa ombweni, na muundo mzima husinyaa. Fremu ya Hubble ilisinyaa hivyo kwa miaka, na kioo chake kidogo kikalazimika kusogezwa mara kwa mara. Jumla imepita mikromita 100. Resini za saineti esta hunyonya unyevu kidogo kuliko epoksi. Vyovyote utakavyochagua, kausha muundo kwenye ombwe lenye joto kabla ya kupanga vioo, uuhifadhi kwenye hewa kavu, na uweke nafasi ya kusinyaa kwenye fungu la mikromita.

Hatua ya 5: Kama kuna lenzi, fanya hesabu ya glasi upya

Lenzi zina tabu mbili kwa wakati mmoja: glasi inatanuka, na uwezo wake wa kupinda mwanga unabadilika na joto. Badiliko la urefu wa fokasi kwa kila nyuzi ni α − (dn/dT) ÷ (n − 1), ambapo α ni utanuko, n ni fahirisi ya upindaji wa mwanga, na dn/dT ni jinsi fahirisi hiyo inavyobadilika kwa nyuzi.

Matokeo yake hayafuati hisia. N-BK7, glasi ya kawaida ya lenzi, hutoka karibu +4 kwa milioni ombweni. Silika safi, ambayo utanuko wake ni 0.5 tu na kila mtu huisifu kwa utulivu, hutoka karibu −19. Ni nzuri sana kama dirisha au kama kioo, lakini kama lenzi yenye nguvu ni mtoro. Fluoridi ya kalisi hutoka zaidi ya +40. Gerimani, inayotumika kwa infraredi, hutoka karibu −126. Lenzi ya gerimani ya fokasi ya milimita 100 inafupisha fokasi mikromita 12.6 kwa kila nyuzi huku mwili wa alumini ukirefuka 2.4, na hivyo pengo ni 15. Kwa F/1.4 na wimbi la mikromita 10, kina cha fokasi ni ±39. Chini ya nyuzi 3 zinatosha kuiharibu.

Dawa ni kuchanganya glasi. Kwa kila lenzi una masharti matatu ya kutimiza kwa pamoja: nguvu zijumlike kuwa nguvu ya mfumo, rangi zikutane, na mabadiliko ya joto yajumlike yalingane na utanuko wa mwili. Aina mbili za glasi hutimiza masharti mawili kwa urahisi. Kwa matatu mara nyingi utahitaji aina tatu, au utabadilisha chuma cha mwili mpaka kiendane. Njia ya mwisho hupuuzwa bila sababu: mabomba mawili ya vyuma tofauti, moja ndani ya jingine, moja likisukuma mbele na lingine likirudisha nyuma, yanaweza kukupa karibu utanuko wowote unaoutaka, hata hasi.

Kuna mtego katika orodha za watengenezaji wa glasi. Huorodhesha dn/dT mbili, moja ikilinganishwa na hewa na nyingine ikilinganishwa na ombwe. Kwa N-BK7 karibu na joto la chumba, ni 3.0 na 1.6 kwa milioni. Ukichukua ya hewa kwa kamera ya obitini, hesabu yako ya +4 inakuwa +1.3, na utajiona salama bila kuwa salama.

Na ombwe lenyewe linahamisha fokasi kabla joto halijabadilika hata nyuzi moja. Fahirisi ya hewa ni karibu 1.00027. Lenzi nyembamba ya N-BK7 yenye fokasi ya milimita 500 ikitolewa hewani na kuwekwa ombweni inafupisha fokasi kwa takriban milimita 0.4. Ikiwa ni F/8, kina chake cha fokasi ni ±70 mikromita, yaani imetoka nje mara tano na ushee. Lenzi halisi za vipande vingi hutofautiana, kwa hiyo weka shinikizo sifuri kwenye programu yako ya kusanifu na usome jibu lako mwenyewe. Kisha funga sensa mahali ambapo fokasi itakuwa obitini, hata kama picha ya maabara itaonekana mbaya. Vioo havina tatizo hili, na ni sababu tosha ya kuvipenda.

Hatua ya 6: Shika vioo na lenzi bila kuvibana

Kioo kizuri kilichoshikwa vibaya ni kioo kibaya. Mshikio unatakiwa kuzuia miondoko sita tu: mitatu ya kusogea na mitatu ya kuzunguka. Ukizuia zaidi ya hapo, kila badiliko la joto litageuka kuwa nguvu inayopinda kioo. Utaratibu uliozoeleka ni nguzo pacha tatu za titani zilizochongwa nyembamba mahali panapofaa, ili zinyumbuke kuelekea katikati ya kioo na zikaze upande mwingine.

Kwa lenzi iliyogundishwa ndani ya pete, kuna unene wa gundi unaofanya utanuko wa gundi ujaze pengo linaloachwa na chuma. Chukua nusu kipenyo cha lenzi, zidisha kwa tofauti ya utanuko wa chuma na glasi, gawanya kwa tofauti ya utanuko wa gundi na chuma. Lenzi ya N-BK7 ya kipenyo cha milimita 60, pete ya alumini, gundi ya silikoni yenye utanuko wa 230: milimita 2.4. Badili pete iwe ya titani: milimita 0.2. Tabaka la milimita 2.4 ni nene na laini mno, lenzi itacheza wakati wa kurushwa. Hapo titani imejichagua yenyewe.

Gundi na plastiki zote zipite kipimo cha ASTM E595, ambacho huzipasha kwa nyuzi 125 ombweni kwa saa 24. Kwa kawaida hukubaliwa zikipoteza chini ya asilimia 1 ya uzito na kuacha chini ya asilimia 0.1 ya mvuke ulioganda. Mvuke huo ukiganda kwenye kioo, hakuna wa kwenda kuufuta.

Zaidi ya yote, ogopa viungo vinavyoteleza. Boliti iliyobana vyuma viwili vya utanuko tofauti itateleza kidogo joto likipanda, na joto likirudi haitarudi mahali pake. Mkengeuko unaotabirika unaweza kurekebishwa. Usiorudi mahali pake hauna hesabu. Weka kinyumbufu, yaani kipande chembamba kinachonyumbuka, kati ya vyuma tofauti, na ukaze boliti kwa kipimo kilichoandikwa.

Hatua ya 7: Tenga kamera na setilaiti, kisha ipashe

Kamera ishike mwili wa setilaiti kwa miguu ya titani au ya nyuzi za glasi, vifaa vinavyopitisha joto kwa shida. Izungushie blanketi la tabaka nyingi. Weka kikinga mwanga mbele, kirefu vya kutosha ili jua lisiguse kioo. Sensa ndiyo jiko la ndani ya kamera, kwa hiyo joto lake liondolewe kwa mkanda wa shaba unaonyumbuka hadi kwenye bamba linalotazama anga, bila kupitia kwenye nguzo za vioo.

Faida ya kutenga inahesabika. Mwili wa kamera wa kilo 3 za alumini huhifadhi takriban jouli 2,700 kwa kila nyuzi. Ukiunganishwa na setilaiti kwa wati 0.1 kwa nyuzi, huchukua saa 7 na nusu kufuata joto la setilaiti. Mzunguko ni dakika 95 hivi. Setilaiti ikicheza ±10 kwa kila mzunguko, kamera itacheza kama ±0.3 tu. Kutenga huku hakuhitaji umeme wowote, na hakuharibiki.

Kisha sanifu kamera iwe ya baridi kidogo kwa asili, na uinue kwa hita hadi joto ulilochagua. Hita inaweza kuongeza joto lakini haiwezi kulitoa, kwa hiyo joto lililopangwa lazima liwe juu ya joto la juu kabisa ambalo kamera ingefikia bila hita. Tumia udhibiti unaopunguza umeme taratibu. Swichi ya kuwasha na kuzima yenye pengo la nyuzi 4 itafanya fokasi ipumue nayo. Themista, yaani vipimajoto vidogo vya umeme, ziwe kwenye nguzo za vioo zenyewe, mbali na hita, na ziwe nyingi kiasi cha kuona tofauti za pande.

Hatua ya 8: Unganisha modeli tatu

Modeli ya joto hutoa ramani ya nyuzi, modeli ya muundo huigeuza kuwa misogeo na mipindo, na modeli ya macho huigeuza kuwa fokasi na ukali wa picha. Usianze na siku nzima ya obiti. Anza na visa vya nyuzi 1: kamera yote imeongezeka nyuzi 1, kisha tofauti ya nyuzi 1 mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini. Utapata jedwali dogo la mikromita kwa nyuzi, na jedwali hilo litajibu maswali mengi ya mradi bila kurudia modeli.

Jaribu modeli yenyewe kabla ya kuiamini. Ipe kila sehemu utanuko uleule, pasha yote kwa usawa, na uangalie fokasi. Lazima ibaki kwenye sensa. Ikihama, kuna kosa mahali fulani, mara nyingi alama ya jumlisha au toa iliyogeuzwa wakati wa kuhamisha misogeo kutoka modeli ya muundo kwenda ya macho. Jaribio hili huchukua muda mfupi, na sijui lingine linalofichua makosa mengi namna hii.

Hatua ya 9: Pima ombweni, kwenye joto, na urudie mahali pa kuanzia

Chumba cha ombwe kishuke chini ya milibari 10⁻⁵, ili hewa isisambaze joto kwa niaba yako. Weka kolimeta, kifaa kinachotoa mwanga sambamba kama wa nyota ya mbali, ndani ya chumba kama inawezekana. Ikiwa nje, dirisha la chumba linapinda kwa shinikizo na joto na kuongeza fokasi yake juu ya ile unayoipima. Lipime kwanza peke yake.

Kwa kila joto, pima ukali wa picha kwenye nafasi kadhaa kabla na baada ya fokasi, upate mchoro wenye kilele. Kilele ndicho fokasi. Picha moja haitakwambia uko upande gani. Subiri hadi kilele kiache kuhama, hata kama themista zimetulia mapema, maana katikati ya kioo cha Zerodur huchelewa sana.

Anza kwenye nyuzi 20, nenda baridi, nenda moto, rudi 20. Kilele cha mwisho kikilingana na cha kwanza, una kamera. Kisipolingana, kuna kiungo kilichoteleza au unyevu uliotoka. Rudia mizunguko: unyevu utapungua kila mara na kukoma, kiungo kitaendelea kurukaruka. Hivyo ndivyo utakavyovitenganisha.

Hatua ya 10: Acha njia ya kurekebisha obitini

Mota ya kusogeza kioo kidogo ni nzuri, na ni kifaa kingine kinachoweza kukwama. Kwa kamera ndogo napendelea kutumia hita za nguzo kama kirekebishi. Nguzo zetu za Invar huhamisha fokasi mikromita 9.4 kwa nyuzi. Kuziinua kwa nyuzi 5 juu ya mwili kunahamisha 47. Ili hili liwezekane, panga joto la kawaida la nguzo nyuzi kadhaa juu ya kiwango cha chini kinachohitajika, ili uwe na nafasi ya kupanda na ya kushuka pia. Hilo haliongezeki baadaye kwa programu. Linatakiwa liwemo kwenye bajeti ya umeme tangu hatua ya 7.

Baada ya kurushwa, usiguse fokasi siku za mwanzo. Acha unyevu utoke na joto litulie, huku ukipiga picha za nyota, au za kingo kali kama za barabara za ndege, mara baada ya kutoka kivulini na tena kabla ya kukiingia. Ukali ukitofautiana kati ya nyakati hizo mbili, tatizo ni joto la mzunguko, na utaligusa kwa hita na mpangilio wa themista. Ukiwa uleule nyakati zote lakini unashuka au kupanda wiki hadi wiki, ni unyevu au kutulia kwa muundo. Hapo badilisha joto la nguzo kwa nyuzi 1 kwa wakati, subiri mizunguko ya kutosha nguzo zitulie, piga tena, na uchore kilele kama ulivyofanya chumbani.